UZI: Barabara ya mtu mmoja iliyomezwa na mlima, inatafutwa vipi?

Kadutu_Juu

Salamu wakubwa. Kila kiangazi kikifika swali hili linarudi kwenye salongo (kazi za pamoja za kijiji) za Kabare, Walungu na Kalehe, huku Kivu Kusini. Wazee wanasema mlima fulani ulikuwa na barabara iliyochimbwa na mtu mmoja, na gari lilikuwa linapanda. Leo hakuna wa kuonyesha ilipopita. Vijana wanataka kuifungua tena, wanaanza kukata popote panapoonekana pa rahisi, mvua ya Septemba inafika, kazi yote inashuka mtoni.

Tuweke hapa namna ya kuitafuta: hatua, vipimo, vifaa, na makosa yanayorudiwa. Hadithi za "mimi siku moja" tuziache kwa leo, uzi utakuwa mrefu bila hizo.

Topografu_BKV

Tuanze na sababu, maana mtu mmoja hachimbi mlima kwa kujifurahisha. Calum MacLeod, kisiwa cha Raasay kule Uskoti, alichimba barabara ya kilomita 2.8 kutoka Brochel hadi Arnish, kwa takriban miaka 10 kuanzia katikati ya miaka ya 1960, kwa sururu, beleshi na toroli. Sababu ilikuwa wazi: barabara ya serikali ilikomea Brochel, na nyumba yake ilikuwa Arnish. Dashrath Manjhi, kijiji cha Gehlaur jimbo la Bihar, India, alikata mwamba kwa nyundo na patasi tangu 1960 hadi 1982, maana hospitali na soko vilikuwa upande wa pili wa kilima. Umbali kati ya Atri na Wazirganj ukashuka kutoka kilomita 55 hadi 15.

Kwa hiyo kabla ya kupanda mlima, jueni barabara ilikuwa inaunganisha nini na nini. Soko la zamani, kinu, kanisa, zahanati, chimbo la mawe, shamba la kwinini au la chai. Mkipata ncha mbili, eneo la kutafuta limepungua kutoka mlima mzima hadi ukanda mmoja.

Hatua ya pili ni karatasi. Karatasi za topografia za 1:50.000 za wakati wa mkoloni zinaonyesha njia nyingi ambazo leo hazipo. Picha za angani za Kivu za miaka ya 1950 zimehifadhiwa kwenye makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Ila barabara ya mtu mmoja iliyochimbwa baada ya 1960 haitakuwemo humo. Kutokuwemo si ushahidi kwamba haikuwahi kuwepo. Na ikiwa njia yenu imo kwenye karatasi, na mistari miwili imara, ujue pengine ni ya mpanda mashamba au ya kazi za lazima, si ya mzee wenu.

Tatu, setilaiti. Sentinel-2 ni bure, lakini nukta yake moja ni mita 10 na barabara yetu ina mita 3, haionekani. Ramani ya miinuko ya SRTM, nukta mita 30, ni mbaya zaidi kwa kazi hii. Fungueni Google Earth kwenye kompyuta, mwingie kwenye picha za miaka ya nyuma, mchague za Julai na Agosti, baada ya mavuno ya maharagwe ya saison B (msimu wa pili wa kilimo), udongo ukiwa wazi. Mnatafuta mstari unaokata mlima kwa ubavu. Njia ya miguu hupanda moja kwa moja kama mtu mwenye haraka. Barabara ya gari huzunguka, hupanda polepole, na kwenye kona kali huacha kipande kipana.

Mashaka_Tu

Swali la kuudhi kidogo, mnisamehe. Tunajuaje kama kweli ni mtu mmoja? Kijiji kimoja upande wa Walungu wanasema mzee alichimba kilomita 12 kwa kiangazi kimoja.

Topografu_BKV

Ndugu Mashaka, hilo linapigwa hesabu tu. Kwenye miradi ya HIMO, yaani kazi za barabara zinazofanywa kwa mikono ya watu wengi badala ya mashine, mtu mmoja akichimba udongo wa wastani anatoa mita za ujazo 3 hadi 3.5 kwa siku. Udongo mgumu sana, 2. Mwamba, karibu 0.8.

Sasa chukua mlima wenye mwinamo wa 50%, ambao kwetu ni mlima wa kawaida. Ukikata bapa (ile sehemu ya usawa ambamo gari linapita) la upana wa mita 3 lote ndani ya mlima, kila mita ya barabara inatoa mita za ujazo 2.25 hivi (3 mara 1.5, gawa kwa 2). Ukikata nusu na kujaza nusu, yaani mita 1.5 ndani na udongo uleule kutupwa nje upate mita 1.5 nyingine, unachimba 0.56 tu kwa kila mita. Kiangazi kina siku 90. Mita za ujazo 3 kwa siku ni 270. Gawa: mita 120 za kukata kote, au mita 480 za nusu kwa nusu. Na hiyo bila siku ya mazishi, bila jiwe, bila mtaro. Kilomita 12 kwa kiangazi kimoja ni watu kama 25 kwa kazi nyepesi kabisa, 100 kwa kazi kamili.

Linganisha na Raasay: kilomita 2.8 kwa miaka 10 ni mita 280 kwa mwaka, na kule mwanzoni idara ya kilimo ilisaidia kulipua mwamba. Gehlaur: urefu mita 110, upana 9.1, kina hadi 7.7. Hata ukichukulia kina hicho ni kilekile kuanzia mwanzo hadi mwisho, na si hivyo, unapata mita za ujazo 7,700, yaani 350 kwa mwaka. Binadamu anaweza. Lakini kwa miaka, si kwa miezi.

Kwa hiyo mkiambiwa kilomita 12, tafuteni kilomita 1 hadi 3 za mzee, na zilizobaki zilikuwa njia nyingine aliyoiunganisha nayo. Mara nyingi hata kumbukumbu inaeleweka vizuri ukishajua hivyo.

Kantonye243

Papa Topografu amesema vizuri, ila nusu kwa nusu ndiyo inayowadanganya vijana, tukae hapo kidogo.

Mtu mmoja karibu kila mara anakata nusu na kujaza nusu, maana kazi ni robo. Udongo wa nje unatupwa juu ya majani, bila kushindiliwa kwa tabaka. Mvua mbili tatu zikipita, ule udongo wa nje unateleza wote. Kinachobaki ni ile nusu ya ndani, upana mita 1 hadi 1.5. Ukipita unaona kijia cha mbuzi, hata hugeuzi kichwa. Kumbe ndiyo barabara yenyewe. Angalia upande wa mlima: kama kuna ukingo uliosimama, sentimita 60 hadi 80, na unaendelea mita 20, 30 bila kukatika, si kijia hicho. Mbuzi hawakati ukingo.

Dalili nyingine ni mashamba. Bapa ni mahali pa usawa kwenye mlima usio na usawa, na maji yanakaa upande wa ndani. Mkulima anajua. Mkiona migomba imejipanga mstari mmoja mwembamba unaopanda kwa ubavu, na juu na chini yake ni mihogo tu, fuateni migomba.

Pia barabara inaweza kugeuka kuwa korongo. Pale ambapo hapakuwa na mtaro, maji yalitumia barabara yenyewe kama mtaro. Yakachimba mwaka hadi mwaka, mita 1, mita 2. Watu wanatafuta bapa, kumbe wanatakiwa kutafuta mfereji wenye kona za gari. Korongo la asili linashuka kwenye mwinamo mkali kuliko yote. Korongo linaloshuka kwa ubavu limechimbwa na mtu kwanza, maji yakamalizia.

Wazee msiwaulize "barabara ilipita wapi". Watanyosha mkono kuelekea mlima mzima. Waulizeni: maji yalikuwa yanamshinda wapi? Kila mtu wa rika lile anakumbuka gari liliponasa.

Mama_Nguba

Asante baba Kantonye. Lakini milima yetu imejaa mistari ya kuzuia mmomonyoko, ile mitaro ya wakati wa Wabelgiji na ya miradi ya juzi. Nayo inakata ubavu, nayo ina bapa. Vijana wanaweza kufuata mtaro wa mmomonyoko siku nzima wakidhani ni barabara.

Topografu_BKV

Mama, hilo ndilo kosa namba moja, na dawa yake ni ya bei ya miti mitatu.

Mtaro wa mmomonyoko unalala: mwinamo wake ni sifuri, au karibu na sifuri, maana kazi yake ni kuzuia maji yasikimbie. Barabara inapanda, 6% hadi 12%, na mtu mmoja aliyekuwa anakwepa mwamba anaweza kufika 15% kwa kipande kifupi. Kwa hiyo pima.

Tengenezeni nivo ya A. Miti miwili ya mita 2 inakutana juu, miguu ikiachana karibu mita 2 chini, na ubao mmoja wa kulala katikati. Siri iko hapa: fungeni kamba ya timazi kileleni, na ubao wa kulala uwe mita 1 kamili chini ya fundo la kamba. Sehemu ya usawa mnaipata kwa kupima, kugeuza miguu, kupima tena, na kuchukua katikati ya alama mbili. Kutoka alama hiyo ya katikati chora sentimita kushoto na kulia. Kila sentimita 1 ambayo kamba imehama ni 1% ya mwinamo. Kamba ikiwa kwenye 8, mko kwenye 8%. Hakuna betri, hakuna mtandao. Upepo ukiwa mwingi tumieni jiwe zito zaidi, nusu kilo au zaidi, na msisome kamba ikiwa bado inacheza.

Simu isitumike kupima mwinamo. GPS ya simu chini ya miti inakosea mita 5 hadi 10 kwa upande, na kwa kimo, yaani juu au chini, inakosea zaidi. Kwa mita 100 za barabara yenye 8% mnapanda mita 8. Kosa ni kubwa kuliko kitu mnachopima. Simu ni ya kuweka alama za mahali tu: programu ya ramani ya OsmAnd inatosha, washeni kurekodi njia kabla ya kuanza kutembea.

Mkishapata vipande viwili vyenye mwinamo unaofanana, tuseme 9%, na katikati pamepotea, endeleeni na nivo kwa 9% ileile kuvuka pale palipopotea, mkiweka vijiti kila hatua ya tano. Mtu aliyechimba kwa jicho lake hubadilika, lakini si sana: 1% au 2%. Vijiti vikifika upande wa pili ndani ya mita 5 juu au chini ya bapa, mmeipata.

Kadutu_Juu

Na kama upande wa pili bapa liko mita 15 chini?

Kantonye243

Basi mlima umeshuka nalo. Udongo wetu mwekundu wa basalti ni mzito na una kina kirefu, ukinywa maji unateremka kipande kizima na migomba yake imesimama. Tafuteni juu: kutakuwa na ukingo wa duara kama kiatu cha farasi. Chini: ardhi yenye mabonde madogo madogo na maji yanayotoka. Katikati, kipande cha barabara kimekaa kama kilivyokuwa, ila kimeinama kuelekea ndani ya mlima. Kiwekeni kwenye ramani kwa rangi nyingine, maana si mahali pa kufungua tena. Anayekata mguu wa maporomoko ya zamani anayaamsha.

Topografu_BKV

Kuna kipimo cha mwisho pale mnapobishana. Kateni shimo moja la kukingama barabara, kutoka ukingo wa ndani hadi nje: upana sentimita 40, kina sentimita 60. Bapa la mita 3 ni mita za ujazo 0.7 tu, watu wawili wanamaliza kabla ya saa sita za mchana. Safisheni ukuta mmoja wa shimo kwa panga, umwagieni maji kidogo, kisha msome.

Upande wa ndani: udongo mweusi mwembamba juu, halafu moja kwa moja udongo mwekundu mgumu. Mweusi wa asili uliondolewa na sururu. Upande wa nje: mwekundu uliolegea juu, na chini yake mstari mweusi, sentimita 10 au 20, unaoshuka na mlima. Huo ndio uso wa zamani wa mlima uliofukiwa. Mkiona mweusi chini ya mwekundu upande wa nje, na mwekundu mtupu upande wa ndani, hilo ni bapa la mkono wa mtu, limekatwa na kujazwa. Kukiwa na tabaka la mawe madogo katikati, sentimita 8 hadi 15, gari lilipita hapo.

Mtaro wa mmomonyoko uliojaa udongo unaonekana tofauti: mweusi mzito umejikusanya ndani ya umbo la bakuli.

Mama_Nguba

Kabla ya hilo shimo: mtawaeleza wenyeji nini? Kwenye milima yetu, vijana wakionekana na simu, vijiti na sururu, neno la kwanza ni dhahabu, la pili ni koltani. Pitieni kwa mkuu wa kijiji, halafu grupama (mkuu wa vijiji kadhaa), na huko juu shefferi (utawala wa mwami) wajue. Chukueni karatasi yenye muhuri na tarehe. Mwenye shamba awepo shimo linapochimbwa, na lifukiwe siku hiyohiyo. Bapa lililolimwa lina mwenye mazao. Kama barabara itafunguliwa, mazungumzo ya mazao yaanze kabla ya vijiti, si baada.

Ndani ya mipaka ya hifadhi ya taifa ya Kahuzi-Biega msiingie bila ruhusa ya ICCN, taasisi ya serikali inayosimamia hifadhi. Hifadhi iliundwa 1970 na kupanuliwa 1975, kwa hiyo kuna njia za zamani zilizobaki ndani. Hizo ziacheni kwenye karatasi.

Na palipopiganiwa, sururu isiguse kitu cha chuma kisichojulikana. Simameni, rudini kwa nyayo zenu zilezile, mtoe taarifa.

Mwana_Virunga

Huku Goma haya ya mweusi na mwekundu hayatusaidii, sisi tuko juu ya lava. Lava ya 2002 ilipita katikati ya mji na kuingia kiwanja cha ndege. Ya Mei 2021 ilikata barabara ya taifa namba 2 kaskazini mwa mji. Barabara ya kijiji ikifunikwa imefunikwa, hakuna kuifuatilia chini ya mita mbili za mwamba.

Lakini kwenye lava ya zamani, mtu aliyetengeneza njia kwa mikono hakukata, alisawazisha. Tafuteni mistari miwili ya mawe makubwa yaliyosukumwa pembeni, na katikati mawe yaliyopondwa ya saizi ya ngumi. Majani yanaota vizuri pale katikati kuliko pembeni, kwa sababu vumbi limejaza nafasi. Asubuhi, jua likiwa chini, mstari unaonekana hata kwa mbali.

Lushois_Kipushi

Lubumbashi ni kinyume: hakuna mlima wa kukata. Mwenye kuchimba huku anapambana na vichuguu na dembo, yaani bonde pana linalojaa maji wakati wa mvua. Kichuguu kikubwa kilichokatwa nusu, pande zote mbili zikiwa zimenyooka, ni alama isiyofutika. Angalieni pia mashimo ya kuchota laterite (udongo mwekundu wa changarawe) kandokando, na kwenye dembo tuta la udongo lililoinuka hata sentimita 30 tu. Dembo likijaa Januari, tuta ndilo linabaki kavu, na watu bado wanapita juu yake bila kujua ni la nani.

Mashaka_Tu

Nimekubali hesabu. Ila nisaidieni moja: tofauti ya kazi ya mzee mmoja na kazi ya watu wengi waliolazimishwa, kwa macho tu?

Kantonye243

Kazi ya wengi ina upana mmoja mwanzo hadi mwisho, kona zimepimwa, na mara nyingi kuna buzi (mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara) za saruji au dalo (kalvati ya mraba) yenye kuta za kujengwa. Kazi ya mmoja inakwepa. Jiwe la ukubwa wa ng'ombe halivunjwi, linazungukwa. Upana unacheza kati ya mita 2 na 3.5. Ukuta wa chini ni mawe makavu yasiyo na saruji, na kila jiwe ni la kubebwa na mtu mmoja, kilo 20 hadi 40. Mkiona ukuta wenye mawe ya kilo 100 kwenye mstari wa tatu kutoka chini, hapo palikuwa na mikono zaidi ya miwili.

Kadutu_Juu

Tukishaipata, tunafungua kuanzia wapi?

Kantonye243

Kuanzia kwenye mtaro, na kuanzia juu. Mtaro wa upande wa ndani, upana wa juu sentimita 60, chini 20, kina 50, ni mita za ujazo 0.2 kwa kila mita. Kilomita moja ni 200, yaani siku-kazi 65 hadi 70 za watu. Vizuizi vya mawe ndani ya mtaro ili maji yasichimbe: kwenye 5%, kila mita 20, kwenye 10%, kila mita 5 au 6. Watu wakiona idadi hiyo wanapunguza, halafu mwaka wa pili mtaro una kina cha mita moja na unakula barabara. Kila panapopatikana ardhi imara, toeni mdomo wa kutema maji nje, usielekee nyumba wala shamba la mtu.

Mama_Nguba

Na pale ilipovuka kijito? Hakuna daraja, hakuna hata gogo.

Kantonye243

Magogo yameoza, mama. Mtu mmoja aliweka mikaratusi minne au mitano, unene sentimita 25 hivi, na gogo linaoza kwanza pale linapogusa udongo, ndani ya miaka michache. Msitafute gogo, tafuteni kiti chake. Pigeni panga kwenye majani ya kingo zote mbili, mita 1 hadi 2 juu ya maji ya kiangazi. Mtaona mahali palipokatwa usawa kama benchi, upana mita 3, mara nyingi pana mstari wa mawe bapa chini yake. Upande wa pili kuna kingine kinachotazamana nacho. Pimeni kati ya viti viwili: kwa gogo la unene huo gari halikuvuka zaidi ya mita 4 au 5. Kipimo kikiwa mita 8, kijito kimepanuka na kiti kimoja si kile cha mwanzo, rudini mita chache nyuma mkatafute cha kweli, au tafuteni mawe yaliyopangwa chini ya maji: pengine hapakuwa na daraja kabisa, alipitisha gari juu ya sakafu ya mawe.